SOMO: Kuchagua msanifu wa jengo la kitivo (soma kabla ya kunipigia)

Hamjambo. Kila kamati ya chuo inayopata kiwanja kati ya Kilifi na Lamu hunitafuta na swali lile lile: "Tumchukue nani?" Nimelijibu kwenye simu, msikitini baada ya Ijumaa, na hata nikipima samaki sokoni hapa Malindi. Sasa naliandika mara moja. Ukinipigia nitakuelekeza hapa.

Hatua ya 1. Andikeni mahitaji kwanza: wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja, maabara ngapi, fedha kiasi gani. Bila hayo kila msanifu atachora ndoto yake nanyi mtailipia.

Hatua ya 2. Hakikisheni amesajiliwa na BORAQS, bodi ya Kenya inayosajili wasanifu majengo na wakadiriaji wa gharama za ujenzi, na leseni yake ni ya mwaka huu.

Hatua ya 3. Chuo cha umma hufuata sheria ya ununuzi ya 2015. Ombeni bahasha mbili, ya ufundi na ya bei. Ya bei haiguswi mpaka ya ufundi imekwisha kupewa alama.

Hatua ya 4. Amueni uzito wa alama kabla ya kutangaza, kwa sababu uzito ndio unaomchagua mshindi. Tuseme msanifu A amepata 90 za ufundi na anataka milioni 12. B amepata 75, anataka milioni 9. Kwa kanuni ya kawaida, mwenye bei ya chini hupata 100 za bei na wengine hupungua kwa uwiano, kwa hivyo A anapata 75. Mkiweka ufundi 80 na bei 20, A ana 87 na B ana 80. Mkiweka 60 kwa 40, A ana 84 na B ana 85. Watu ni wale wale na karatasi ni zile zile. Wanakamati wengi hupitisha uzito huo wakiwa wanatazama saa ya chakula.

Hatua ya 5: ziara ya kutazama jengo alilokwisha kulisanifu. Hapa ndipo palipotutokea puani. Kamati yetu tulitembezwa na msanifu mwenyewe, asubuhi yenye upepo mzuri, tukanyweshwa madafu, tukarudi tumeridhika. Kasoro zilizokuja kututesa kwenye jengo letu zote zilikuwa ukutani pale, hatukuzitazama.

Nendeni bila yeye. Chagueni jengo lililotumika miaka mitano au zaidi, tena lililo karibu na bahari. Jengo la Nairobi halikwambii lolote kuhusu chumvi. Fikeni saa nane mchana masomo yakiendelea. Msianzie kwa mkuu wa idara, anzieni kwa mlinzi na mpiga deki. Mlinzi anajua mlango upi umefungwa kwa mnyororo kwa kuwa kitasa kimeliwa na kutu. Mpiga deki anajua ndoo hutegwa wapi mvua ikinyesha. Kisha inueni macho, mtazame chini ya roshani na kwenye pembe za nguzo. Mkiona michirizi ya kahawia na zege likibanduka vipande, jueni nondo ziliwekwa karibu mno na uso wa zege na chumvi imezifikia. Viyoyozi vilivyobandikwa baadaye, vihesabuni: kila kimoja ni malalamiko ya mtu. Mmoja wenu akae kiti cha nyuma kabisa ukumbini, mwingine asome gazeti mbele kwa sauti ya kawaida.

Onyo: msitoe alama kwa picha za kompyuta. Kwenye picha zile jua halichomi, na mti uliopandwa jana tayari una kivuli cha mwembe wa babu.

Onyo la pili: swali la gharama msimuulize msanifu, muulizeni mkadiriaji wa mradi ule. Bei ya mwisho ilizidi ya mkataba kwa kiasi gani, na nani aliyesababisha? Mara nyingi utakuta ni mwenye jengo aliyebadili mawazo kuta zikiwa zimeshapanda.

Hatua ya 6. Andikeni kwenye mkataba majina ya watakaofanya kazi. Mwenye jina kubwa huja siku ya usaili na suti yake, kisha anayechora ni kijana aliyemaliza chuo juzi. Kijana si tatizo. Tatizo ni kulipia mzee na kupewa kijana.

Hatua ya 7. Lipeni kwa awamu, kazi ikikabidhiwa. Basi.

---

MASWALI

Kijana_KisumuNdogo: Kaka maneno mengi. Weka namba ya msanifu mzuri wa bei nafuu tumalize.

Jibu: Hatua ya 2. Orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa kila mtu.

Wa_Mambrui: Binamu yangu anachora ramani safi kwa kompyuta, nusu ya maduka ya huku ni kazi yake. Hawezi hili?

Jibu: Hatua ya 2 tena. Kwa Sura ya 525 ya sheria za Kenya, asiyesajiliwa hata kujiita msanifu haruhusiwi.

Wa_Mambrui: Nimeuliza tu, mbona wanifokea?

Jibu: Sijafoka. Kama anachora vizuri, aombe kazi kwenye ofisi iliyosajiliwa.

Mwalimu_Juma: Kwenye mfano wako, kwa nini bei isiondolewe kabisa? Ufundi 100.

Jibu: Swali zuri, Mwalimu. Njia hiyo ipo, na sheria inairuhusu. Anayeongoza kwa ufundi huitwa peke yake mkajadiliana ada. Inafaa kazi ngumu, mfano maabara zenye gesi na kemikali. Ila iendeeni mkiwa na mkadiriaji wenu, la sivyo mtajadiliana gizani. Yapo pia mashindano ya michoro, lakini huko mnachagua mchoro kabla ya kumjua mtu. Mkiyafanya, waliofika fainali walipwe, na baadhi ya majaji wawe wasanifu.

Bint_Langoni: Ami, salaam kutoka Lamu. Nimeona picha za kampasi ya msanifu Francis Kéré kule Turkana, ile yenye minara ya kutoa hewa moto. Je, tutafute msanifu wa kutuletea minara? Au tudai mtindo wa Lamu, daka (baraza la mlangoni) na zidaka (vishubaka vya ukutani)?

Jibu: Aleiki salaam mwanangu. Kampasi ile ya Startup Lions ilimalizika 2021, na mwaka uliofuata Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu duniani. Lakini Turkana ni joto kavu. Kwetu hewa imejaa unyevu, kinachompoza mtu ni upepo unaopita mwilini. Jengo liwe jembamba, madirisha pande mbili, ubavu mrefu utazame kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lipate ubavu mfupi. Sisi tuna bahati, pepo zetu za msimu, kusi na kaskazi, zinajulikana zinakotoka. Kwenye usaili mpe kalamu umwambie, "Chora kusi inaingilia wapi mwezi wa saba." Akianza kuzungumzia viyoyozi, umeshamjua.

Kuhusu mtindo: vyumba vya zamani vya Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Ukumbi wa wanafunzi 200 hauingii humo. Msanifu anayebandika matao kwenye ukuta wa zege amekuuzia pambo. Mwenye akili atachukua daka, kivuli na kiwanda cha katikati, yaani ua wa ndani.

Bint_Langoni: Ahsante ami. Nitaichukua ile ya kalamu.

Fundi_Sabaki: Ongeza hili: mchanga wa ufuoni marufuku kwenye zege. Chumvi iliyomo inakula nondo. Wa mtoni upo.

Kijana_KisumuNdogo: Nyumba za wazee zimejengwa na mchanga gani basi, mbona zimesimama?

Fundi_Sabaki: Zile hazina nondo, kijana. Ni mawe ya matumbawe na chokaa.

Jibu: Fundi yuko sawa. Na ukuta kama huo usiupige lipu ya saruji. Unyevu hukosa pa kutokea, lipu inavimba na kubanduka. Piga chokaa, halafu uimwagilie maji siku kadhaa isikauke haraka.

Fundi_Sabaki: Na ufunike magunia yaliyoloweshwa, hasa upande wa jua.