Kamera ya geti inapoteza waifai kila saa? Kabla uguse ruta, angalia memori kadi

Mama mdogo wangu anakaa Migosi hapa Kisumu, na kamera ya geti yake ilikuwa inapotea karibu kila siku giza likiingia. Simu inalia, "nyathina (mwanangu), kile kitu kimekufa tena", naenda asubuhi napata inafanya kazi poa kabisa, nakunywa chai naenda zangu, jioni simu tena. Nilimkulia pesa kwa kifaa cha kuongeza netwaki, nikahamisha ruta mara mbili, nikabadilisha hadi paswadi, na kumbe shida haikuwa waifai hata kidogo. Ilikuwa chaja. Ndio maana naandika hii, juu naona watu wengi wanakimbilia ruta kwanza venye mimi nilikimbilia.

Sasa sikiza. Fungua apu ya kamera, enda kwa rekodi za memori kadi, utafute ile saa ilipotea. Kamera nyingi za nyumbani ukizisetia zirekodi muda wote, sio tu kitu kikisonga, zinaendelea kurekodi kwa kadi hata kama hakuna waifai. Kwa hivyo ukipata video ya hiyo saa iko, kamera ilikuwa hai, ilikosa net tu. Ukipata pengo, hiyo kamera ilizima, na kamera kuzima mara nyingi ni mambo ya stima, hata ununue ruta ya elfu hamsini haitakusaidia. Dalili ingine, kuna kamera zikiwaka upya bila net saa yao inarudi 1970, so ukiona rekodi ya 1970 na hiyo nyumba hata haikuwa imejengwa, ujue ilizima ikawaka. Kama huna kadi basi simama chini yake jioni umwambie mtu aangalie apu. Zile za kuzunguka zikiwaka upya zinazungusha shingo zenyewe, na nyingi zinalia tik.

Kwa nini usiku? Hapa kwetu jua linazama karibu saa moja mwaka mzima, na giza likiingia kamera inawasha zile taa za kuonea usiku, zile huwezi kuona kwa macho ama unaona vidoti vyekundu tu. Hizo taa zinakula stima. Chaja ilikuwa inajikaza mchana, sasa imeongezewa mzigo, volti zinashuka, kamera inazima, inawaka, inazima. Kwa apu yote unaona ni "haijaunganishwa", so unalaumu waifai.

Soma maandishi madogo kwa chaja, pale wameandika stima inayotoka. Kama kamera inataka volti 5 na ampia 2 na wewe umeweka chaja ya simu ya zamani ya ampia 1 ama chini ya hapo, umepata mwizi wako. Ampia zikizidi sio shida, kamera inachukua kile inataka. Volti ndio lazima zilingane, usiwahi chomeka adapta ya volti 12 kwa kamera ya volti 5, utaichoma na hakuna wa kulaumu. Halafu kuna waya. Fundi wa mama mdogo alikuwa ameunganisha ule waya mwembamba wa kuchajia simu ukafika mita kumi hivi mpaka getini, na volti 5 kwa waya mwembamba mrefu hivyo zinafika zimechoka. Ukiwa na umbali, refusha upande wa volti 240 ndio uweke adapta karibu na kamera, ndani ya boksi isiyoingiza maji, na hiyo kazi mpe fundi wa stima, usijaribu mwenyewe na seloteipu. Tuliweka adapta nzuri ya mia tano na soketi karibu na geti, ikaisha. Mia tano, aki, na mimi nilikuwa nimeshatumia elfu tatu na mia nane kwa ujinga.

Haya, tuseme kadi inaonyesha video yote iko. Hapo sasa ni waifai kweli. Usipime ukiwa kwa sofa, enda mpaka kwa kamera yenyewe. Kama una simu ya Android weka apu yoyote ya kupima waifai, hizo za bure ni nyingi, usimamishe simu karibu kabisa na kamera. Itakupa namba yenye alama ya kutoa. Karibu na sifuri ndio poa: -50 ni raha, -67 bado inatosha, ukifika -75 kuendelea hiyo kamera itakuwa inaingia inatoka, na mvua ikinyesha majani ya mwembe yakilowa inazidi.

Nyumba zetu pia zinachangia. Ukuta wa mawe, grili kwa dirisha, mlango wa chuma, geti ya chuma, mabati, yote yanazuia. Na tenki la maji! Watu hawaamini lakini maji yanameza waifai, ukiwa na tenki la lita elfu moja katikati ya ruta na kamera hiyo ni kama ukuta wa pili, na siku tenki liko tupu kamera inashika vizuri unadhani ni miujiza. Kwa hivyo toa ruta nyuma ya tivi, iweke juu karibu na dirisha linaloangalia kamera, antena zisimame wima. Mara nyingi hapo tu inatosha.

Ikikataa, ndio ununue kile kifaa cha kuongeza netwaki, lakini usikiweke kando ya kamera venye nilifanya. Kiweke katikati, mahali simu bado inasoma -60 hivi, juu hakiwezi kurudisha kile hakijapata. Mimi kama geti iko mbali nakuambia ukweli, vuta kebo ya netwaki, inafika mita 100 bila shida, uweke kituo kidogo cha waifai huko mwisho, ama kama kamera iko na tundu la kebo uchomeke moja kwa moja usahau hii maneno yote.

Kuna mtego wa bendi pia. Ruta za sai zinatoa bendi mbili za mawimbi, 2.4 na 5 GHz, na nyingi zinazipa jina moja. Kamera nyingi za bei ya kawaida zinajua 2.4 peke yake, so unapata inasumbuka kuunganika, ama ruta inajaribu kuisukuma kwa bendi haiwezi. Ingia kwa setingi za ruta utenganishe majina, kamera uipee ile ya 2.4. Ukiwa hapo hapo weka ulinzi WPA2, juu kamera za kitambo hazielewi WPA3. Chaneli, ile njia ya waifai ndani ya bendi, usiache ruta ijichagulie, chagua mwenyewe 1, 6 ama 11, hizo ndio hazigongani, na upana wa chaneli uwe 20 MHz. Ukikaa kwa ploti za Kondele ama Nyalenda pale kila mlango una ruta yake, ile apu ya kupima itakuonyesha majirani wote wamejaa chaneli 6, sasa wewe hamia 1.

Ukiwa bado ndani ya ruta tafuta mahali pa kufungia anwani ya IP, ile namba ruta inapea kila kifaa, uipe kamera namba yake ya kudumu isigombanie na simu ya mgeni.

Kama inapotea mchana stima ikipotea na ikirudi, hiyo ni ingine. Zile mvua za radi za alasiri mnazijua. Stima ikirudi kamera inawaka haraka, ruta inachukua dakika mbili tatu kabla itoe net, na kuna kamera zikikosa waifai mara ya kwanza zinakata tamaa zinakaa hivyo mpaka uzichomoe. Dawa ni ile yu-pi-esi ndogo ya volti 12 ya ruta, yaani betri inayoishikilia stima ikipotea, ruta haitazima. Lakini radi ikianza kupiga karibu chomoa kila kitu, hiyo boksi ndogo haizuii radi.

Na kama inakatika saa mbili usiku mpaka saa nne tu, saa watoto wako kwa video na jirani uliyempa paswadi pia, pima kasi ya kupakia, sio ya kupakua. Kamera moja ya 1080p inataka kama megabiti 1 hadi 2 kila sekunde kupanda juu, ukiwa na nne zidisha. Shusha ubora wa picha kwa apu, ama irekodi kwa kadi muda wote na itume juu tu kitu kikisonga. Na ubadilishe hiyo paswadi, ila kumbuka kuiwekea kamera hiyo paswadi mpya, usinipigie simu.

Umefanya yote na bado? Ishushe, ilete mezani, mita mbili kutoka kwa ruta, na chaja yake halisi na waya wake halisi, utoe memori kadi pia juu kadi mbovu inaweza kuifanya iwe inajizima. Iache hapo siku mbili. Ikikatika hapo kamera yenyewe ni mbovu, tafuta risiti uirudishe dukani kabla warranti iishe.