Somo: Unganisha kompyuta mbili kwanza, intaneti itafuata

Habari zenu wakuu. Wengi wanaoanza kujifunza mtandao wa kompyuta hukimbilia intaneti, na hapo ndipo wanapopotea. Intaneti ni mitandao mingi iliyounganishwa. Anza na ule mdogo kuliko yote: kompyuta mbili na kebo moja, bila ruta wala Wi-Fi. Hizo mbili zikielewana, umeshapata kiini cha jambo lote.

Hatua ya 1: Kebo

Kama una kebo iliyotengenezwa tayari, chomeka uendelee. Kama unaitengeneza mwenyewe, tulia hapa.

Ndani mna nyaya 8 zilizosokotwa mbilimbili, yaani jozi 4. Shika plagi ya RJ45 (ile ya mwisho wa kebo) klipu ikiwa chini, tundu la kuingizia nyaya likiwa upande wako. Mpangilio wa T568B kutoka kushoto ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fanya hivyohivyo upande wa pili.

Tazama vizuri jozi ya kijani: imetenganishwa, waya mmoja nafasi ya 3, mwenzake nafasi ya 6. Mwanzoni sikulijua hilo, nikapanga kila jozi pamoja kwa mfuatano, pande zote mbili sawa. Testa ikawasha taa zote 8, lakini kompyuta zikawa zinaungana na kukatika. Sababu ni kwamba nafasi ya 3 na 6 hubeba ishara moja kwa pamoja, na msokoto wa jozi ndio unaozuia ishara hiyo isiingiliwe. Ukiigawa kwa nyaya za jozi mbili tofauti, ulinzi huo unapotea. Testa ya taa haiwezi kuliona kosa hili. Inaangalia tu kama waya umefika.

Hatua ya 2: Anwani

Fungua mipangilio ya kadi ya mtandao, sehemu ya IPv4 (mfumo wa anwani za namba), uandike mwenyewe:

Kompyuta A: 192.168.1.10
Kompyuta B: 192.168.1.20
Maski, zote mbili: 255.255.255.0

Maski huwatatiza wengi kuliko kitu kingine chochote. Kazi yake ni kuigawa anwani. Palipo na 255 ni jina la ukoo, palipo na 0 ni jina la mwenyewe. Kwa hiyo A na B ni wa ukoo mmoja, 192.168.1. Kabla ya kutuma chochote, kompyuta hujiuliza: huyu ni wa ukoo wangu? Kama ndiye, inampelekea moja kwa moja. Kama siye, inaukabidhi mzigo kwa lango, yaani ruta. Hapa hatuna ruta, hivyo sehemu ya lango iache wazi.

Ukoo huu una nafasi za kompyuta 254. Namba 0 ni ya mtandao wenyewe, na 255 ni ya kutangazia wote.

Hatua ya 3: Ping

Ping ni amri ya kuiuliza kompyuta nyingine kama inakusikia. Kwenye A fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika `ping 192.168.1.20`. Windows itatuma paketi 4 (vifurushi vidogo vya data), na ukiona majibu 4, zinaongea. Kisha andika `arp -a`. Utaiona anwani ya B ikiwa na namba nyingine pembeni yake, hiyo ni MAC, anwani ya kadi yenyewe. A iliuliza kwa sauti "nani mwenye 192.168.1.20?" na B ikajibu kwa kutoa MAC yake.

Hatua ya 4: Kompyuta ya tatu

Hapo unahitaji swichi, kiboksi chenye matundu kadhaa ya kebo. Yenyewe husoma MAC na kupeleka mzigo kwenye tundu husika. Ruta ni kitu kingine: inaunganisha mtandao wako na mtandao mwingine. Kile kiboksi cha nyumbani huwa na vyote viwili ndani, pamoja na Wi-Fi na huduma ya DHCP inayogawa anwani.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikipingi kutoka A kwenda B inajibu, kutoka B kwenda A kimya. Kebo mbovu?*

Hapana. Ping ni kwenda na kurudi, ikijibu hata mara moja ujue njia ni nzima. Fayawoli ya A (programu ya ulinzi inayochuja mawasiliano) ndiyo inayozuia. Tafadhali usiizime yote. Ruhusu tu kushirikishana mafaili na printa kwenye mtandao binafsi, ping itapita.

*Mwalimu, kompyuta imejipa 169.254 na namba nyingine ambazo sikuziandika.*

Imetafuta DHCP ikakosa, ikajipangia. Kama umeiunganisha na ruta, anza kukagua kebo.

*Jirani yangu naye ana 192.168.1.10. Mbona hatugongani?*

Swali zuri sana. Anwani zinazoanza na 192.168, na 10, na zile za 172.16 hadi 172.31, zimetengwa kwa matumizi ya ndani. Hazipiti kwenye intaneti. Paketi ikitoka, ruta yako huibadilishia anwani ikaweka ya kwake ya nje, na jibu likirudi inakumbuka ni la nani. Ndiyo maana kila nyumba inaweza kutumia namba zilezile.

*Kebo mwisho mita ngapi, mkuu?*

Mita 100. Ukizidisha, weka swichi katikati, uanze kuhesabu upya.