Kufufua guta kuukuu: ekseli kwanza, rangi baadaye

Guta la zamani, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, linalouzwa kwa bei ya chuma chakavu mara nyingi lina fremu nzuri kuliko mengi yanayochomelewa siku hizi. Bomba lake ni zito na aliyelichomelea hakuwa na haraka. Kinachokuwa kimekufa ni vile vinavyozunguka: ekseli, beringi, ringi na cheni. Lakini wanunuzi wengi hukimbilia rangi. Guta linang'aa, linapigwa picha, wiki ya pili limekaa upande barabarani na magunia juu yake.

Mwongozo huu ni wa guta lenye magurudumu mawili nyuma. Lile la sanduku mbele, kama la wauza aiskrimu, lina mambo yake kwenye usukani na sitaligusa hapa.

Hatua ya 1: Kagua kabla hujatoa hela

Beba nyundo ndogo, panchi, uzi na futi. Gonga bomba zote kwa nyundo, taratibu. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinatoa sauti ya kopo lililojaa mchanga. Penye mashaka choma kwa panchi, hasa chini ya boksi la pedeli (lile bomba fupi ambamo ekseli ya pedeli inazunguka), maana maji yote yanayoingia kupitia bomba la kiti yanaishia pale.

Kisha pima unyoofu. Toka katikati ya bomba la usukani, vuta uzi mpaka ncha ya kushoto ya ekseli, weka alama, halafu upeleke ncha ya kulia. Vipimo vikipishana milimita moja au mbili si neno. Vikipishana zaidi ya 5, guta hilo litavuta upande maisha yake yote mpaka fremu inyooshwe, na kunyoosha ni gharama. Shusha bei au achana nalo.

Hatua ya 2: Fungua kila kitu

Nati zilizoshikwa na kutu zinyweshe mafuta mepesi leo, uzifungue kesho. Kumbuka nyuzi za kinyume: pedeli ya kushoto, na kikombe cha kulia cha boksi la pedeli kwenye fremu za mtindo wa Kiingereza, ambazo ndizo nyingi huku kwetu. Hivyo viwili vinalegea ukivizungusha upande ambao nati nyingine hukaza. Nimeona boksi limepasuliwa kwa nguvu za bure.

Kota pini, yaani pini zinazobana krenki (mikono ya pedeli) kwenye ekseli yake, ndizo zinazowatoa watu jasho. Legeza nati mpaka usawa wake ulingane na ncha ya pini, usiitoe, ili nyuzi zisibondeke. Weka kipande cha bomba wima chini ya krenki, kikae sakafuni na kubeba uzito wote wa pigo. Halafu piga pigo moja la uhakika. Nyundo ndogo za wasiwasi, tatatata, ndizo zinazoipinda pini ikawa haitoki tena mpaka itobolewe kwa drili. Pini usizirudishe, nunua mpya. Nenda na ya zamani dukani kama sampuli, kwa sababu kuna za milimita 9 na za 9.5, na kwa macho hutaona tofauti.

Hatua ya 3: Kutu na rangi ya zamani

Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, kwa hiyo usizikwangue kikavu ukavuta vumbi lake. Tumia msasa wa maji, vaa barakoa, watoto wakae mbali. Ukimaliza kausha fremu juani na uipige redi oksaidi, rangi ya msingi ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo. Chuma kilicho uchi kikilala usiku mmoja, hasa mitaa ya pwani, asubuhi kimeshaanza kuwa chekundu. Toboa tundu dogo la milimita 5 chini ya boksi la pedeli, maji yapate pa kutokea.

Kama utachomelea viraka, kwangua rangi na utando wote wa zinki (ule wa mabati) eneo hilo kwanza. Moshi wa zinki unaleta homa.

Hatua ya 4: Ekseli, roho ya guta

Hapa usibane matumizi. Kata ekseli mpya ya chuma kigumu cha milimita 20 na uikalishe kwenye beringi za kusimama (zenye nyumba yake ya kufungia kwenye fremu) aina ya P204, ambazo tundu lake ni 20 kamili. Zifunge karibu na magurudumu kadiri inavyowezekana. Beringi zikikaa katikati ya fremu, ncha za ekseli zinabeba mzigo peke yake na zitapinda.

Gurudumu moja tu liendeshwe. Magurudumu yote mawili yakishikwa na ekseli, kwenye kona la nje linataka kwenda mbali kuliko la ndani. Matairi yanasuguka na guta linakataa kukata. Kwa hiyo gurudumu moja lifungwe kwa kii ya milimita 6 (kipande cha chuma kinacholizuia lisizunguke peke yake juu ya ekseli), jingine lizunguke huru juu ya beringi zake.

Lipi? Kwa Tanzania na Kenya mimi naendesha la kushoto. Tunapita kushoto, na barabara nyingi zinalalia mtaroni upande huohuo, kwa hiyo guta linateleza kwenda kushoto lenyewe. Gurudumu la kushoto likisukuma, linalielekeza guta kulia kidogo, na mikono yako inapumzika. Kwa Rwanda, Burundi au Kongo, wanakopita kulia, geuza.

Usikubali fundi akushawishi kuchomelea habu (kitovu cha gurudumu) kwenye ekseli "ili isisumbue." Chuma kigumu kikichomelewa bila kutunzwa joto lake kinakuwa cha kukatika pembeni mwa kiungio, na huwa kinakatika na mzigo juu. Ipeleke ekseli kwa mkerezaji akate njia ya kii.

Hatua ya 5: Magurudumu

Baiskeli ikikata kona inalala, uzito unashuka moja kwa moja kwenye ringi. Guta halilali. Kila kona inasukuma gurudumu kwa ubavu, na spoku za kawaida za geji 14 hazikutengenezwa kwa hilo. Tumia geji 12, ambazo ni nene zaidi, na ringi za matundu 40. Ringi za inchi 28 za baiskeli za Kiingereza zilikuwa na 32 mbele na 40 nyuma, kwa hiyo agiza mbili za nyuma. Mkerezaji akikutengenezea habu, mwambie masikio yake, pale spoku zinapoingia, yaachane vizuri, maana upana huo ndio unaozuia gurudumu kujikunja.

Hatua ya 6: Cheni na wepesi

Vuta cheni ya zamani na upime toka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 25: ikiwa mpya ni milimita 304.8. Ikizidi 306 tupa, na kagua meno.

Gia ya meno 44 mbele na 18 nyuma inakupeleka kama mita 5.4 kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Hiyo ni ya mtu mmoja na mkoba. Kwa madumu 10 ya maji, yaani kilo 200, weka 36 na 22, upate kama mita 3.6. Utakwenda polepole, lakini utapanda kilima umekaa kwenye kiti.

Hatua ya 7: Breki

Breki ikifungwa kwenye ekseli hii inashika gurudumu moja tu, na guta litageuka unapolisimamisha. Iache iwe ya kuegeshea. Breki ya kazi iwe mbele: tafuta ringi la pikipiki lenye breki ya ndani pamoja na foko yake, kwa sababu sahani ya breki lazima ishikwe na foko. Isiposhikwa inazunguka na gurudumu na kukata waya.

Watu huniuliza kuhusu kufunga injini. Fremu hii na breki hizi ni za mwendo wa miguu. Sifungi.

Hatua ya 8: Kitanda, kisha urembo

Kitanda kiwe chini kadiri magurudumu yanavyoruhusu, na kitovu cha mzigo kikae mbele kidogo ya ekseli. Kikirudi nyuma yake, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unakufa. Mashine ya miwa, jokofu la barafu, meza ya kahawa, vyote vinawezekana. Kizito kiwe chini. Mbao ziachane upana wa kidole, maji yapite.

Sasa paka rangi. Maandishi mpe mchora mabango, mkono wake una thamani ya hela yake. Viakisi mwanga vyeupe mbele, vyekundu nyuma.

Siku za mwanzo beba nusu ya mzigo. Jioni gonga kota pini kidogo na ukaze nati zake, maana pini mpya huendelea kukaa. Spoku zishike mbili mbili ukizibana kwa vidole. Iliyolegea kaza robo mzunguko, kisha zungusha gurudumu uone kama ringi inagusa kipande cha chaki ulichokishikilia kwenye fremu.