Jeep ya Vita Inywe Petroli Gani?

Wanaoniletea Willys MB, zile Jeep za 1941 hadi 1945, hapa Uingereza huanza kwa kuuliza oktani, yaani kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kuwaka kabla ya wakati. Hilo ndilo jambo jepesi.

Hatua ya 1: Ijue injini. Injini ya Jeep hii, iitwayo Go Devil, ina lita 2.2, nguvu farasi 60 na mgandamizo wa 6.48 kwa 1. Mgandamizo mdogo hivyo haudai oktani kubwa. Kwa oktani, petroli ya kawaida ya kituoni inatosha na kuzidi. Dawa za kuongeza oktani waachie wenye duka.

Hatua ya 2: Pima ethanoli. Kazi iko hapa. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huku ni E10, yaani ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hunyonya maji na kuharibu sehemu za mpira za zamani, kama hozi. Mimi natia E5, yenye ethanoli hadi asilimia 5, ile ya bei ya juu. Ukitilia shaka, chukua silinda ya kioo yenye vipimo, tia maji mililita 10 na petroli 90, ziba, tikisa, acha itulie. Maji yakibaki kwenye 10, hamna ethanoli. Mstari wa maji ukipanda, imo. Pimia nje, mbali na moto, na usiyarudishe mafuta hayo kwenye tangi.

Hatua ya 3: Kagua sehemu za mpira. Kuna Jeep ililetwa inawaka vizuri kabisa. Nikachomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili: oili nyepesi kama chai ya rangi, inanuka petroli. Daiframu, utando wa mpira ndani ya pampu ya petroli, ilikuwa imechanika, petroli inachuruzikia kwenye oili. Ukikuta hivyo usipige stata. Mwaga oili yote kwanza. Funga daiframu inayostahimili ethanoli, na hozi zilizoandikwa SAE J30 R9, alama ya hozi zinazostahimili ethanoli.

Hatua ya 4: Risasi, yaani madini ya ledi yaliyotiwa kwenye petroli na kulinda viti vya valvu. Petroli yenye risasi ilikoma vituoni huku 2000 ilipoingia. Pima nafasi ya valvu, inchi 0.014 injini ikiwa baridi. Kama kila ukipima imepungua, kiti cha valvu kinaliwa. Tia dawa mbadala wa risasi. Kwa gari la maonyesho ya Jumapili, sioni haja.

Hatua ya 5: Kuilaza. Kabla ya majira ya baridi, fungua kizibo chini ya tangi, mwaga yote, kisha washa injini imalize iliyobaki kwenye kabureta hadi izime yenyewe.