Namna ya Kumtembeza Mgeni wa Meli Mji Mkongwe kwa Siku Moja

Meli ya kitalii ikifunga gati asubuhi Malindi, bandari ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mtembezaji huwa na saa chache tu za kufanyia kazi, na kosa linaloharibu safari nyingi ni kuzihesabu kuanzia saa ya kushuka badala ya saa ya kupanda. Kabla ya kupiga hatua, muulize mgeni anatakiwa awe ameshapanda melini saa ngapi, kisha panga siku yako kwa kurudi nyuma kutoka hapo, ukiacha saa nzima ya akiba. Saa za meli huenda zisilingane na za nchi kavu, na zaidi ya hayo, sisi tunaposema saa tisa alasiri yeye anahesabu tatu. Andika saa ya kurudi kwenye karatasi kwa hesabu yake, mwonyeshe, naye ailinganishe na saa aliyoivaa mkononi.

Kitambulisho chako cha Kamisheni ya Utalii kivae kifuani tangu getini, kwa sababu papasi, yaani watembezaji wasio na kibali, huwa wamejaa hapo na mgeni hana njia nyingine ya kujua nani ni nani. Bei mkubaliane kabla ya kuondoka. Mweleze pia, kwa upole na bila kumwaibisha, kwamba mji huu ni wa watu wanaoishi na kuswali humo, hivyo mabega na magoti yafunikwe, na asimpige mtu picha bila kumwomba ruhusa. Mimi huweka kanga mbili tatu mkobani kwa ajili ya hilo, na sijaona mgeni aliyekataa kujitanda.

Kanuni yangu ni kuanzia mbali na kumalizia karibu na bandari. Chukueni gari hadi Darajani wakati jua halijawa kali, mpite sokoni, penye jengo la mwaka 1904, mwone viungo na samaki wa asubuhi, lakini msikae sana kwani harufu ya mnada wa samaki huwachosha wengi haraka.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Mkunazini, na hapa ndipo ninapokusihi usiwe na pupa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia saini Sultani Barghash kwa shinikizo la Waingereza, na Kanisa Kuu la Anglikana likaanza kujengwa papo hapo mwaka huohuo chini ya Askofu Edward Steere, mtu aliyeishughulikia sana lugha yetu. Mbele ya madhabahu pana duara la marumaru nyeupe sakafuni, linaloonyesha mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watu watano, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs ya mwaka 1998, na mnyororo uliowafunga shingoni ni mnyororo halisi wa enzi hizo. Sema maneno machache hapo, kisha nyamaza. Wapo watembezaji wanaopaza sauti na kuongeza chumvi mahali hapa ili mgeni alie. Hadithi yenyewe inatosha, na waliouzwa pale wanastahili heshima hiyo.

Baada ya Mkunazini ingieni vichochoroni kuelekea Hamamni na Sokomuhogo, mkipisha magari ya mahamali, na mfundishe mgeni kuisoma milango. Ile yenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni ya mtindo wa Kiarabu, na ile yenye tao juu yake inaonyesha mkono wa Kihindi. Mchagulie mlango mmoja tu, apitishe kidole kwenye mfaa, ule mti wa katikati, auone mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu na misumari ya shaba iliyong'arishwa. Mlango mmoja ulioguswa hubaki akilini kuliko ishirini iliyopigwa picha.

Kwenye kijiwe cha Jaws Corner pumzikeni kwa kahawa chungu na kashata. Niliwahi kumtembeza mama mmoja mtu mzima ambaye, baada ya finjani ya pili, aliniomba tusiende popote kwa robo saa, akakaa barazani akiwatazama wazee wakicheza bao. Nilifuta kituo kimoja kwa ajili yake, na wakati wa kuagana kitu alichonishukuru ni ile robo saa. Ikiwa ni Ijumaa, panga kituo hiki kabla ya adhuhuri, maana maduka mengi hufungwa kwa swala. Na mwezi wa Ramadhani, maji na chakula wageni wasivitumie hadharani.

Mkishuka mtaa wa Gizenga mtatokea Ngome Kongwe, kisha Forodhani. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo mtosheke na kulitazama kwa nje, na hapo ndipo pa kueleza vita ya Waingereza na Zanzibar ya tarehe 27 Agosti 1896 iliyokwisha kwa muda usiofika saa moja. Kisiwa cha Changuu na kobe wake kiache, isipokuwa meli inalala. Bahari ikichafuka, mashua haitajali ratiba yako.

Fuateni ufukwe kupita Kasri la masultani hadi Mtini, penye mti mkubwa, kisha kwenye zahanati ya zamani ya Tharia Topan, mtazame roshani zake za mbao mkiwa mmebakiza dakika chache kufika Malindi. Getini wahesabu wageni wako mmoja mmoja, na usiondoke mpaka wa mwisho awe ameshaingia ndani.