Kabla hujashika pampu: ninavyopima hatari ya kidung'ata kwenye mipapai

Mara ya kwanza kuwaona nilidhani ni unga. Nilikuwa natoka kusagisha mahindi, gunia kichwani, nikapita chini ya mipapai yangu hapa Kikambala, pwani ya Kenya, nikaona weupe kwenye shingo za mapapai. Nikajua gunia limetoboka. Nikalishusha, nikalikagua, zima. Nilipoufuta ule weupe kwa kidole ukaacha majimaji ya njano, na kidole kikanata.

Wengi hapa kwetu humwita tu mdudu mweupe. Ndugu zetu wa Tanzania humwita kidung'ata, na mimi nimelichukua jina hilo kwa sababu lina sura ya mwenyewe. Huyu wa mpapai wanasayansi humwita Paracoccus marginatus. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Afrika alionekana kwanza Ghana mwaka 2009, na Kenya 2016. Ni ndugu wa vidugamba, wale wanaojibandika kwenye majani ya minazi na matawi ya michungwa kama magamba ya samaki: wote hufyonza utomvu, na wote hujifunika nta. Kwa hiyo haya nitakayoeleza yanawafaa kwa sehemu kubwa na hao ndugu zake.

Nilichofanya siku ile nitakisema ili usikifanye. Nilikwenda agroveti, nikaomba dawa kali kuliko zote, nikapuliza mipapai 140. Kwa siku tatu nilijiona shujaa. Wiki ya tatu walikuwa wengi kuliko mwanzo, na mwisho wa kaskazi nilikuwa nimekata mipapai 60. Dawa iliteleza juu ya nta kama maji juu ya jani la yugwa, ikawaua wadudu waliokuwa wakiwala vidung'ata. Tangu hapo sipulizi kitu kabla ya kupima, na kupima kwenyewe huchukua asubuhi moja, daftari la shule na kalamu.

Anza kwa kuhakikisha ni yeye

Mpapai una wageni weupe zaidi ya mmoja. Tikisa jani: vikiruka vidudu vidogo vyeupe kama majivu yaliyopeperushwa, hao ni inzi weupe, na wale wa mzunguko hutaga mayai kwenye mistari ya nta inayojiviringa chini ya jani. Kidung'ata haruki. Jike halina mbawa maisha yake yote. Dume ndilo lenye mbawa, nalo ni dogo mno hata hulitambui.

Mwangalie kwa lenzi, au kwa kamera ya simu ukiikuza picha. Jike aliyekomaa ana urefu wa milimita 2 na kidogo, mwili wa njano chini ya vumbi la nta, na pembeni ana vijinyuzi vifupi vya nta. Ukiona mikia mirefu ya nta, huyo ni wa jamii nyingine. Chini yake hubeba mfuko wa mayai wa pamba, mrefu kuliko yeye mara tatu au nne, mayai yakiwa ya njano iliyochanganyika na kijani. Jike mmoja hutaga mayai 100 hadi 600. Rudia kuisoma namba hiyo kabla hujasema "ni wachache tu".

Kuna jaribio moja ninalolipenda kama mchezo wa watoto. Chukua majike watano, watie kwenye kichupa chenye spiriti ya dukani, kiache siku mbili. Kidung'ata wa mpapai hugeuka kuwa bluu iliyoiva, karibu nyeusi. Si cheti cha maabara, lakini kwa mkulima ni nusu ya jibu. Nusu ya pili mpe daktari wa mimea kwenye kliniki ya mimea iliyo karibu nawe, au afisa wa kilimo. Peleka sampuli ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili. Mimi niliwahi kupeleka jani wazi, kwenye matatu, na hadi leo naona haya nikikumbuka mashamba tuliyoyapita.

Upepo unatoka wapi?

Watoto wake wanapototolewa ni vidoa vya njano vinavyotambaa. Huo ndio wakati wao mkubwa wa kusafiri, na hawana mbawa. Hubebwa na upepo, nguo, kikapu, paka, ndege, panga, na zaidi ya vyote, miche na mbegu za muhogo.

Sisi wa pwani tuna bahati ya kujua upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, joto na ukavu, na hapo ndipo vidung'ata huzaana kwa fujo kwa kuwa hakuna mvua kubwa ya kuwaangusha. Basi katika miezi hiyo nenda ukague shamba lililo upande wa kaskazini mashariki yako. Kusi ikianza, geuka, tazama kusini. Mimi nilikuwa nikilaumu mipapai ya jirani wa magharibi kwa mwaka mzima, na hakuwa na hatia. Mgonjwa alikuwa muhogo wa upande wa baharini.

Usiangalie mipapai peke yake. Mdudu huyu hula muhogo, mstafeli, mpera, mbiringani, mbono, mforosadi, na ua la haibiskasi ambalo watu wa nyumba za wageni hulipanda kama uzio. Kwenye muhogo hukaa kimya, kwa kuwa hakuna anayekagua jani la muhogo mpaka likunjike. Zunguka hatua 50 kila upande wa shamba lako ukihesabu mimea hiyo. Ukikuta hakuna, andika 0. Ukiikuta nayo ni safi, andika 1. Mmoja wao akiwa na weupe, andika 2. Akiwa na weupe na yuko upande upepo unakotoka, au umeleta miche mipya miezi miwili iliyopita, andika 3. Alama hizi nimezitunga mwenyewe, usizitafute kwenye kitabu.

Kuhesabu

Chagua mpapai mmoja kati ya kila mitano, kwa mistari, si ile inayokuvutia macho. Jicho hupenda mti ulio mgonjwa sana au ulio mzuri sana. Katika kila mti tazama mahali patatu: chini ya jani la katikati (kando ya mshipa mkubwa), shingo ya tunda (pale linaposhikana na shina), na kilele (yale majani machanga). Kilele ndicho chenye uzito. Weupe kwenye jani la chini lililozeeka ni habari; weupe kwenye kilele ni msiba, kwa sababu mpapai una kilele kimoja, na kikidumaa hakuna tawi lililo tayari kushika nafasi.

Ukitaka kuwajua watembeao kabla hawajaanza kujenga, zungushia shina selotepu inayonata pande mbili, uibandue baada ya wiki. Vidoa vya njano vikiwa vingi kwenye gundi, kizazi kipya kimetoka. Mimi hufanya hivi kwenye miti minne tu, selotepu si bure.

Alama: 0 hakuna, 1 majani ya chini tu, chini ya robo ya miti uliyoikagua, 2 kwenye shingo za matunda, 3 kwenye kilele cha mti wowote, hata mmoja.

Fuata sisimizi

Vidung'ata hunywa utomvu kupita kiasi, na kinachozidi hukitoa kama majimaji matamu yanayonata. Juu yake huota ukungu mweusi, yale masizi yanayofanya mnunuzi wa soko la Kongowea, Mombasa, akurudishie tunda bila hata kulikata. Sisimizi wanaitaka sukari hiyo. Humkama kidung'ata kama ng'ombe, humhamisha kutoka tawi hadi tawi, na humfukuza kila anayekuja kumla.

Kwa hiyo kabla sijatazama juu, mimi hutazama shina. Msafara wa sisimizi wanaopanda matumbo matupu na kushuka matumbo yanang'aa unanieleza kuna zizi huko juu, hata kama jicho halijaliona. Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona viota vya majani, ndio wenye neno. Kwenye mnazi nawapenda, wanawafukuza kunguni wanaoangusha nazi changa, na sitamruhusu mtu awachome. Kwenye mpapai wenye vidung'ata, hao hao hugeuka walinzi wa mwizi. Hakuna msafara, 0, sisimizi wachache wanaohangaika ovyo, 1, msafara, 2, msafara unaoingia mpaka kwenye weupe, 3.

Walinzi, na jinsi nilivyowaua

Hapa ndipo wengi huharibu. Kuna mabuu wa mbawakawa wadogo wa mviringo ambao wamevaa nta nyeupe vilevile, nyuzi ndefu zilizotimka kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Ni wakubwa kuliko kidung'ata, wanatembea kwa haraka, na ukiwatazama utawaona wakitafuna. Niliwaponda kwa mamia nikidhani ndio mababu wa tatizo. Ukimwona mweupe mkubwa anayekimbia, mwache.

Mlinzi mwingine humwoni kabisa. Ni nyigu mdogo kuliko chembe ya ufuta, anayetaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Mtoto wake humla kwa ndani, na kinachobaki ni ganda la kahawia lililovimba, lenye tundu la duara. Huyu wa mpapai ni Acerophagus papayae. India ilimwagiza kutoka Puerto Rico mwaka 2010 mashamba ya kusini yalipokuwa yanateketea, na hapa Kenya watafiti walimleta kutoka Ghana, naye amekwisha kuachiliwa pwani.

Anayesema nyigu hawezi kuokoa shamba hajasikia habari za muhogo. Miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo aliingia Kongo akitokea Amerika ya Kusini, akasambaa nchi baada ya nchi. Nyigu wake, Anagyrus lopezi, alipatikana Paraguay na kuachiliwa Nigeria mwaka 1981. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, wakati tayari yuko Nairobi akiongoza ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu. Mihogo tunayokula leo inamdai nyigu yule.

Kwa hiyo chukua majani matatu yenye weupe, hesabu vidung'ata 20 kwa lenzi. Wangapi ni maganda ya kahawia yenye tundu? Sita au zaidi, andika 0, walinzi wako kazini. Watatu hadi watano, 1. Mmoja au wawili, 2. Hakuna hata mmoja, wala mabuu weupe wanaokimbia, 3.

Jumlisha

Una namba nne: njia (ile ya upepo na mimea ya jirani), wingi (ule wa kuhesabu), sisimizi, walinzi. Jumla haizidi 12. Kabla ya kuisoma, jiulize mti wenyewe una thamani gani. Mche wa miezi minne wenye jumla ya 5 unanitia hofu kuliko mpapai wa miaka minne wenye 9, ambao ningeukata mwaka huu hata bila mdudu.

Chini ya 4, mimi hukagua tena baada ya wiki mbili na sifanyi lolote. Jirani yangu mzee huniambia, "Mamake Riziki, wewe unalea wadudu." Namwacha aseme.

Kati ya 4 na 7, nakata majani yenye weupe, nayazika pale pale chini ya mti badala ya kuyaburuta shambani. Shina nalifunga kitambaa kilichopakwa grisi ili sisimizi wasipande. Grisi isiguse ganda lenyewe, huliunguza. Kisha naosha shingo za matunda kwa maji ya nguvu yenye sabuni ya maji, vijiko viwili kwa lita 5, jioni, baada ya kujaribu majani mawili siku moja kabla. Sabuni hulegeza nta. Wengine huongeza mafuta ya mkilifi (mwarobaini), nasi hapa hatuna uhaba wa mkilifi, lakini pulizia penye weupe tu, usioshe shamba zima.

Kuanzia 8, kama walinzi ni 3, hapo ndipo namwita afisa wa kilimo kabla ya kununua chochote, na namuuliza swali moja: nyigu wameachiliwa wapi karibu nasi? Mti wenye kilele kilichokunjika naukata, naufunika kwa karatasi ya plastiki juani, nauzika. Kama namba ya walinzi ni 0 au 1, hata jumla ikiwa 8, natoa sisimizi kwanza na kusubiri wiki tatu. Kizazi kimoja huchukua kama mwezi, kwa hiyo ukipima kila wiki utajitisha bure.

Jumamosi iliyopita mstari wa tatu ulinipa 7: njia 2, wingi 2, sisimizi 3, walinzi 0. Nimefunga grisi kwenye mashina tisa. Nyigu wana wiki tatu.