Kipime kitambaa kabla ya kukikata: mizani, kiberiti na daftari

Mteja akiniuliza kitambaa gani hakiharibu mazingira, nami humuuliza hilo gauni atalivaa mara ngapi. Nashona magauni na sare za sherehe, na nimeona kitenge cha pamba tupu kikikaa kabatini bila kuvaliwa huku shati la mtumba la poliesta likivaliwa mpaka kola inachanika. Ndiyo maana hesabu yangu ya madhara ya kitambaa huanzia dukani ikaishia kwenye kabati la mteja.

Tafuta mizani ya jikoni ya kidijitali, futi ya fundi, kiberiti, kibano, sinia la bati na daftari.

Hatua ya 1: Jua umeshika nini

Niliwahi kuuziwa jora zima kwa jina la pamba. Nilipolipiga pasi ya moto likang'aa na kujikunyata. Tangu hapo sinunui kwa maneno.

Chomoa nyuzi chache za mtande, yaani za urefu, na nyingine za mshindio, za mapana. Zichome mbalimbali, maana kuna vitambaa vyenye pamba upande mmoja na poliesta upande wa pili. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi inayoungua, na jivu lake ni laini. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha punje ngumu kama ushanga. Sufu hunuka nywele. Viskosi ndiyo laghai: imetengenezwa kwa miti, kwa hiyo huwaka kama pamba. Ulowanishe uzi wake uuvute. Viskosi ikilowa hukatika kirahisi, pamba ikilowa huzidi kukaza.

Chomea juu ya sinia, maji yawe karibu. Tone la poliesta likikudondokea kidoleni linaganda hapo hapo na ngozi.

Hatua ya 2: Pima uzito

Maji, nishati na dawa zilizotumika kutengeneza kitambaa huhesabiwa kwa kilo, kwa hiyo uzito ndio mlango wa hesabu zote. Yadi 3 za kitenge ni mita 2.74; kwa upana wa mita 1.15 unapata mita za mraba 3.15. Changu kilikuwa gramu 400. Gawa 400 kwa 3.15: gramu 127 kwa kila mita ya mraba. Bitana, kile kitambaa cha ndani ya nguo, nayo iweke kwenye mizani, wengi huisahau.

Hatua ya 3: Takwimu za dunia zisome kwa akili

Utakutana sana na ile ya lita 2,700 za maji kwa fulana moja ya pamba. Ni wastani, na ndani yake mvua nayo imehesabiwa. Pamba ya Shinyanga na Simiyu hunywa mvua. Ile ya Uzbekistani ilimwagiliwa kwa mito ya Amu Darya na Syr Darya, na Bahari ya Aral, inayolishwa na mito hiyo, ikakauka sehemu kubwa. Kilo ni ile ile, madhara mbalimbali. Kwa hiyo muulize muuzaji pamba imetoka wapi. Mara nyingi hatajua. Andika "haijulikani", usibuni.

Poliesta haihitaji shamba, lakini inatokana na mafuta ya petroli, haiozi, na kila ikifuliwa huachia vinyuzi vidogo vinavyokwenda na maji.

Hatua ya 4: Pima mabaki yako

Hapa ndipo fundi ana mamlaka kamili. Kusanya vipande vyote vya nguo moja, uvipime. Kwenye kile kitenge nilipata gramu 76, yaani asilimia 19 ya kitambaa alicholipia mteja ilikuwa sakafuni kwangu! Safari iliyofuata nilipanga patani zote, yaani vielelezo vya kukatia, mezani kabla ya kugusa mkasi, mikono nikaigeuza juu chini, mkanda nikautoa kwenye ukingo. Mabaki yakashuka hadi gramu 52, asilimia 13. Maua makubwa yanayotakiwa kukutana kwenye mshono hula kitambaa. Mwambie mteja mapema.

Tenga pamba na poliesta papo hapo mezani. Pamba huchukuliwa na mafundi magari kufutia oili. Za poliesta najazia mito ya kukalia. Usizichome jalalani.

Hatua ya 5: Gawa kwa mara zitakazovaliwa

Gauni la kitenge la gramu 324 (400 kutoa mabaki 76) likivaliwa mara 60 ni gramu 5.4 kwa kila mara linapovaliwa. Sare ya sendofu ya gramu 280, ikivaliwa mara 3, ni gramu 93. Hapo aina ya uzi haina tena neno kubwa.

Basi sare nazishona zirudi mtaani: naacha sentimita 3 za ziada kwenye mishono ya ubavuni ili gauni liachiwe mwili ukiongezeka, na mkia mrefu naushona kando, uchomolewe baada ya sherehe.

Kufua sina mengi, kamba ya kuanikia tayari tunayo. Pasi ndiyo uiangalie: ya wati 1,200 kwa nusu saa hula uniti 0.6 za umeme wa Luku. Nguo za wiki zipige kwa mkupuo mmoja.

Daftari langu lina safu tano: aina ya uzi, gramu, asilimia ya mabaki, kilikotoka, mara zilizovaliwa. Hiyo ya mwisho huijaza mteja akirudi kupunguza au kuachia. Asiporudi, nampigia baada ya miezi sita.